Vipandio Kumi na Viwili vya Madale

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye ile ngazi ni uso wangu. Nilikuwa nimeinama kuhesabu vipandio, nilipofika cha tatu nikajiona mie mwenyewe, na nyuma ya kichwa changu taa ya dari imetulia kama iko kwenye kioo cha saluni. Nikaanza kuhesabu upya kutoka chini. Vilikuwa kumi na viwili, kama tulivyokubaliana. Tulikubaliana idadi, tukakubaliana upana, tukakubaliana na siku ya kuleta. Kuhusu kung'aa hatukukubaliana lolote, maana haikunijia kichwani kwamba kung'aa nako kunapatanwa.

Nikapitisha kidole juu ya ubao. Kikateleza chenyewe. Nikakirudisha, kikateleza tena.

Begani nilikuwa na mfuko wenye viatu vyangu. Viatu viwili, vipande vinne vya chuma, viwili mbele na viwili visiginoni. Chuma juu ya vanishi.

Kazi yangu ni kucheza densi ya viatu vya chuma. Ukiwaambia watu hivyo kwetu Mwananyamala, wanadhani unachomelea, au unashona soli. Ni ile densi ya filamu za muziki za zamani, watu wamevaa makofia na makoti marefu, wako katikati ya maongezi ya kawaida kabisa, mara wanaanza kugonga sakafu kwa visigino na vidole na hakuna anayewauliza wana shida gani.

Nilijifunzia Temeke, kwenye kibanda cha video. Siku za wateja wengi ziliwekwa filamu za mapigano. Jumapili mchana, wateja wakiwa wachache, mwenye kibanda alikuwa anaweka kanda yoyote aliyopewa bure, na bure yenyewe ilikuwa hizo za makofia. Palikuwa na jamaa tukimwita DJ, japo hakupiga muziki wowote. Kazi yake ilikuwa kushika maiki na kuieleza filamu kwa Kiswahili, juu ya sauti ya filamu yenyewe. Sasa densi haina maneno ya kutafsiri, na yeye alilipwa kuongea. Basi akawa anaongea tu.

"Oyaa, jamaa kaanza tena! Kiatu kinalia huko! Anapanda juu ya meza ya watu sasa, huyu hana adabu huyu. Mwenye meza yuko wapi? Mwenye meza kakimbia!"

Kwa hiyo ile milio yenyewe sikuisikia vizuri kwa miaka. Niliona miguu, nikahesabu. Kulia mara tatu, kushoto mara mbili, kisigino kimoja. Jumapili inayofuata, kanda ileile, nikahesabu tena kuhakikisha jamaa hajaniibia. Viatu vyangu vya kwanza vilikuwa vya shule, nimevipigilia vizibo vya soda. Mama aliponikamata alinichapa kwa viatu hivyohivyo, upande wa vizibo.

Sie ni watu wa Kusini, na kwetu kesi ya mtoto ikimshinda mama inapelekwa kwa mjomba. Mjomba wangu ni fundi seremala Keko. Nikapelekwa kumalizwa. Mama akaeleza makosa yangu yote, na mengine mawili ambayo sikuyajua. Mjomba akasikiliza, kisha akasema, "Hebu cheza." Nikacheza juu ya benchi lake la kazi. Akanitazama miguu kwa muda, akamwambia dada yake, "Huyu atawaharibia watu sakafu." Akachukua mbao, akaniundia ubao wa mita moja kwa mita moja, akaupiga randa, akanikabidhi. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Mama hakuwahi kunigusa tena kwa ajili ya kucheza, na mjomba tangu siku ile huwezi kumsema vibaya nikiwa karibu.

Nimeishi kwa miguu hii. Maharusi, ufunguzi wa maduka, tangazo la sabuni ya sakafu ambalo nilicheza nusu siku wakaonyesha kiatu kimoja. Video za bongo fleva nimecheza tano. Sura yangu imeonekana mara moja, tena nimefumba macho. Hizo nyingine zote walinikata magotini. Kuna watu mtaani wanaijua miguu yangu, na mie mwenyewe hawanisalimii.

Halafu kikaja kisa cha kifundo changu cha mguu. Harusi, ukumbi wa Temeke, sakafu ya marumaru, na ubao wangu nimeuacha nyumbani kwa uvivu wa kubeba. Mtu alikuwa amemwaga soda. Mguu wa kushoto ukaenda peke yake, na mlio niliousikia haukuwa wa chuma. Plasta ilipotolewa daktari aliishika picha juu ya mwanga akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, umeunga vizuri," akasema. "Lakini usivunjike tena hapo. Ukivunjika tena hapo, kutembea utatembea."

"Na kucheza?"

"Nimesema kutembea utatembea."

Nilijaribu kupatana naye. Nikamuuliza, je, kucheza kidogo, je, bila kuruka, je, kwenye maharusi ya jamaa tu. Daktari hapunguzi. Ni mtu pekee Dar nzima niliyetoka kwake na bei ileile aliyoanza nayo.

Tangu hapo nimekuwa nacheza sakafu iliyonyooka tu, na ubao wangu haubaki nyumbani. Watu hawajui. Mcheza densi akianza kutangaza kifundo chake, simu zinaacha kuita.

Ndipo akaja dairekta. Msichana mdogo kwangu kwa miaka mingi, anaongea haraka, anataka kutengeneza filamu ya muziki ya mtindo wa zamani, watu waimbe na wacheze katikati ya maongezi. Alitaka mwanamke wa makamo anayeshuka ngazi anacheza, kutoka juu mpaka chini, kamera haikati.

"Nataka nikuone mzima, dada. Kuanzia kichwani."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kunitamkia hilo. Nikasema ndiyo kabla sijauliza ngazi yenyewe. Nilipouliza, akasema vipandio ishirini. Nikasema vinane. Akasema kumi na sita. Nikasema kumi, tena kwa sababu ni yeye. Tukamalizana kwenye kumi na viwili, nikarudi nyumbani najiona mshindi. Usiku nilipoweka mguu chini ya bomba la maji ndipo nikakumbuka kuwa nimeshinda ngazi.

Mjomba aliposikia kuwa inatakiwa ngazi ya sinema, hakutaka fundi mwingine aiguse. Sasa hapa kuna jambo la Keko. Samani za Keko zinauzwa kando ya barabara, kwenye vumbi. Mteja anapita na gari, anageuza shingo mara moja tu, na kitu kisichong'aa hakioni. Mjomba amekaa pale zaidi ya miaka thelathini, na hajawahi kukitoa kitu hakijang'aa. Kabati analisugua hadi ujione meno. Mie nimekulia kwenye hiyo karakana, najua hilo kuliko jina la mtaa wangu. Nilimpa vipimo, nikamsomea mara mbili, yeye akanisomea mara mbili. Neno vanishi halikutoka mdomoni kwangu wala kwake. Kwake halikuwa neno la kusemwa, ni kama kumwambia mpishi akumbuke kuwasha moto.

Basi ndiyo hivyo nikajikuta Madale, kwenye jumba moja ambalo halijamalizwa lililokodiwa kwa siku mbili, sebule kubwa, na ngazi imesimamishwa inaishia ukutani. Mjomba alikuwa amekuja nayo kwenye lori akiishikilia njia nzima. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, na kandambili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama." Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeionaje?"

"Inang'aa, mjomba."

"Mikono mitatu!" akasema kwa sauti ili watu wa kamera nao wasikie. "Vanishi mkono wa kwanza, nikasugua. Wa pili, nikasugua. Wa tatu nikaumalizia kwa kitambaa cha pamba. Barabarani watu wawili walisimamisha gari, wanataka kununua. Nikawaambia hii haiuzwi, hii inakwenda sinema, atakanyaga mama yangu."

Ningemwambia nini? Nimwambie aikwangue mbele ya watu kumi na mmoja? Niliwahesabu, tena nikarudia nikitafuta kisingizio cha kuwapunguza. Na ningesema ngazi inateleza, dairekta angeuliza mbona watu wa kwenye filamu wanacheza kwenye vioo, na swali la pili lingekuwa la mguu. Nilishaliona linakuja. Akijua habari ya mguu atamtafuta mwingine, na mie nitarudi kwenye tangazo la sabuni.

Nikajaribu njia niliyoizoea.

"Dairekta, tuanzie kipandio cha sita. Mwanzo wa sita ni mzuri, una kasi."

"Dada, tulikubaliana kumi na viwili."

"Cha nane basi."

"Dada, hapa si Kariakoo."

Watu wakacheka. Mie pia nikacheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa umekufa ganzi.

Nikapanda peku, viatu mkononi, nikishika ukuta. Kule juu palikuwa na nafasi ya kusimama mtu mmoja na woga wake. Nikakaa nikavaa. Kamba ya kiatu cha kushoto niliifunga mara tatu. Niliposimama, sebule ilikuwa imeshuka chini zaidi kuliko nilipokuwa pale chini. Vile vipandio vyote vilikuwa vimebeba mwanga wa dirisha, sikuona ubao, niliona maji yamesimama kwa ngazi.

"Dada, uko tayari?"

"Bado."

Muziki ukawekwa. Naingia kwenye nane, ndivyo tulivyofanya mazoezi. Nikahesabu moja mpaka nane, mguu haukwenda. Nikahesabu tena. Haukwenda. Mara ya tatu nikausukuma, ncha ya chuma ikagusa kipandio cha kwanza, ikasogea mbele yenyewe, upana wa kidole, bila ruhusa yangu. Nikarudi nyuma nikabandika mgongo ukutani. Jasho lilikuwa linashuka ndani ya gauni kama mtu ananimwagia kwa kijiko. Kifundo kilikuwa hakiumi hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kilikuwa kimenyamaza kama mtu anayesikiliza.

Muziki ukazimwa.

"Kuna nini, mama?" Mjomba alikuwa ameinuka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Hakuna kitu, mjomba."

"Ngazi ina tatizo?"

"Haina."

Yeye alishaijua sauti yangu. Akaanza kupanda na kandambili zake, kipandio kwa kipandio, na kila kimoja anakikanyaga kwa nguvu watu waone. "Hii? Hii anapita tembo na mizigo yake." Watu wakacheka tena, dairekta naye. Akafika cha pili kutoka juu, uso wake ukawa sawa na kiuno changu. "Unaogopa nini, mama? Mbona mie natembea?"

"Kandambili ni mpira, mjomba."

"Kwa hiyo?"

Nikainama nikavua kiatu cha kushoto, nikampa. "Kiweke hapo."

Akakiweka kwenye kipandio, vizuri kabisa, kama kiatu cha dukani. "Nimekiweka."

"Kisukume kwa kidole."

Akakisukuma kwa kidole kimoja, cha shahada. Kiatu kikaondoka. Kikafika ukingoni, kikadondokea kipandio cha chini yake, hapo nacho hakikukaa, kikaendelea, ka, ka, ka, kinashuka ngazi nzima peke yake huku sote tunakitazama, mpaka sakafuni, na sakafuni nako kikaenda hadi miguuni kwa mwenye kamera. Hakuna aliyecheka.

Mjomba alibaki ameinama, kidole bado kimenyooka. Nilitamani anitukane. Akapitisha kiganja juu ya kazi yake, mara moja kwenda, mara moja kurudi.

"Kwa nini hukusema?" Aliuliza polepole, maneno yaishie kwetu wawili.

"Ningesemaje, mjomba?"

"Na huo mguu? Daktari alisemaje?"

"Alisema nisivunjike."

"Akaishia hapo?"

"Akaishia hapo."

Alijua nimempa nusu. Hakudai nusu ya pili. Akageuka akawaambia watu wa chini, "Nileteeni msasa kwenye lori. Ule mkali."

Dairekta akaanza habari ya mwanga, kwamba jua likihama dirishani siku imekwisha. Mmoja wa vijana wa mitambo akataka kumsaidia, akamrudisha kwa mkono. Akapiga magoti na lile shati lake la pasi, akaanza kipandio cha juu kabisa. Alisugua pale mguu unapokanyaga tu, akaacha mbele ya kila kipandio paking'aa ili kamera ipate chake. Vumbi jeupe likamjaa nywele. Kila akimaliza kimoja aliomba kiatu, anakiweka, anakisukuma kwa kidole, kikikaa anahamia kingine. Mie nilikuwa nimekaa kule juu na mguu mmoja peku, siwezi kushuka kwa sababu yeye yuko njiani, na kwa muda wote huo nilikuwa naomba kimoyomoyo msasa uishe.

Nilidhani vanishi ikiondoka itaondoka na hofu. Ilipoondoka, hofu ikabaki palepale, ila sasa haina wa kumsingizia. Ngazi ilikuwa kavu, ina makwaruzo, inashika kama ubao wangu wa utotoni. Kilichobaki ni mie na kifundo. Nilikuwa nimemdhalilisha mzee wa watu kwa vanishi, na bado nimekaa, siinuki.

Mara ya kwanza nilishuka vipandio vinne. Cha tano nikasimama kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Dairekta akasema haidhuru, turudi. Nikapanda. Nikahesabu nane, nikaingia.

Vya mwanzo sivikumbuki. Nakumbuka nilikuwa natabasamu, kwa sababu mashavu yaliniuma. Nakumbuka nilipita cha tano, nikasikia chuma kinajibu kwenye ubao mkavu, kulia mara tatu, kushoto mara mbili. Cha sita, cha saba, cha nane. Cha tisa mguu wa kushoto ukatua pembeni, kwenye utepe mwembamba ambao msasa haukufika, ukateleza. Vidole viwili hivi. Kila kitu ndani yangu kikasimama isipokuwa miguu, miguu ikaendelea kwa mazoea yake, na ninachokijua ni kwamba nilikuwa sakafuni, mikono imefunguka, nimesimama kwa miguu yote miwili, muziki umeisha, na watu wanapiga makofi.

"Safi sana! Tuchukue moja ya akiba," dairekta akasema.

"Hapana."

"Moja tu, dada."

"Hapana."

"Basi nusu, kuanzia katikati."

"Hata kipandio kimoja sitoi."

Mjomba alikuwa anakung'uta magoti. "Mmemsikia," akasema, akaenda kutafuta maji ya kunawa.

Sasa, hizi filamu zina siri ambayo yule DJ wa Temeke hakuijua. Mlio wa miguu hautoki siku ile ya picha. Unawekwa baadaye. Mcheza densi anaitwa kwenye chumba kidogo, anatazama picha yake mwenyewe, anagonga upya, na mlio huo ndio unaosikika. Mie niliitwa Kinondoni, chumba kimezibwa magodoro kuta zote, plaiwudi imelazwa chini, maiki mbili karibu na vifundo vyangu. Mtu wa sauti alikuwa kijana mpole anayekula karanga kwenye meza yake, hapohapo pembeni yangu.

Nikavaa viatu. Picha ikaanza. Kwa mara ya kwanza nikajiona mzima, kuanzia kichwani kama nilivyoahidiwa, mama wa makamo anashuka ngazi anatabasamu. Nikagonga naye. Tulikwenda pamoja vizuri, cha kwanza, cha pili, mpaka nikaanza kumpenda. Cha saba. Cha nane.

Cha tisa mguu wake ukateleza vidole viwili, na mie niliyesimama juu ya plaiwudi, plaiwudi iko juu ya zege, nikaishika meza ya watu kwa mikono miwili. Karanga zikamwagika. Kwenye picha yule mama akaendelea kushuka bila mlio wowote, akafika chini, akafungua mikono.

Kijana akasimamisha. Akanitazama, akaitazama sakafu.

"Sista, mbona hapa uko sakafuni tu, hakuna ngazi?"

"Najua."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Akaokota karanga zake, moja moja, akinipa muda. "Turudie?"

"Turudie," nikamwambia. "Anzia cha nane."

Akarudisha picha. Meza sikuiachia.